Asilimia ya nini? Jinsi ya kusoma akisami na asilimia katika histogramu ya matokeo ya mtihani

Na MWANDISHI WETU

MATOKEO ya Mtihani wa Darasa la Nane (KCPE) wa mwaka 2022 yalipotangazwa Desemba mwaka huo na aliyekuwa Waziri wa Elimu, Bw Ezekiel Machogu, tarakimu iliyovuta macho ni ya wale waliopata alama 400 na zaidi kati ya 500. Walikuwa 9,443. Katika mtihani wa 2021, ambao kutokana na kuvurugwa kwa kalenda ya masomo na janga la Corona ulifanywa Machi 2022, walikuwa 11,857.

Mzazi aliyetazama tarakimu hizo mbili pekee angeapa kwamba elimu inadidimia. Lakini katika takwimu zizo hizo, waliopata alama 200 na zaidi waliongezeka kutoka 905,329 hadi 936,792, na mzazi mwingine angeapa kwamba elimu inastawi. Wote wawili wangekuwa na ushahidi mkononi.

Mvutano wa namna hii hautokani na uongo wa yeyote. Hutokana na jinsi tunavyousoma, au tusivyousoma, ule mchoro wa nguzo zilizosimama bega kwa bega ambao magazeti na runinga hupenda kuuonyesha kila matokeo yanapotoka. Wanahisabati huuita histogramu.

KCPE ulianza mwaka 1985 na ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Tumeuchagua kuwa mfano kwa sababu ni nadra kupata nyumba nchini Kenya isiyokuwa na mtu aliyepimwa nao, na kwa sababu takwimu zake zimekamilika.

Tuanze na takwimu zenyewe. Mwaka 2022 watahiniwa walikuwa 1,233,852. Kati yao, 724 walipata alama zisizofika 100. Watahiniwa 296,336 walipata kati ya 100 na 199. Wengine 619,593 wakapata kati ya 200 na 299. 307,756 wakapata kati ya 300 na 399. Na hao 9,443 wakapata 400 na zaidi.

Katika histogramu, alama hupangwa kwenye mhimili wa mlalo kuanzia ndogo hadi kubwa, na idadi ya watahiniwa husomwa kwenye mhimili wa wima. Kila kundi la alama hupewa nguzo yake. Nguzo hizo hugusana, na kugusana huko si urembo: baada ya alama 199 inakuja 200, hakuna pengo, na kwa hivyo hakuna ruhusa ya kuziachanisha wala kuzipanga upya. Mchoro wa nguzo unaolinganisha kaunti, kwa mfano Kisumu, Kilifi na Meru, ni kitu kingine. Huo unaweza kuanza na kaunti yoyote na hakuna kitakachoharibika.

Tukichora nguzo ya 200 hadi 299 kwa urefu wa sentimita 10, jirani zake wa kushoto na kulia watakuwa na urefu wa karibu sentimita 5 kila mmoja. Nguzo ya 400 na zaidi itakuwa na milimita moja na nusu. Ile ya watahiniwa 724 itakuwa na urefu wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani wembamba unaoshindwa na wino wa mstari ulioichora. Hebu fikiri: kelele zote za siku ya matokeo huhusu nguzo ya milimita moja na nusu.

Kabla ya kugeuza chochote kuwa asilimia, msomaji makini hufanya jambo moja la kuchosha lakini lisiloepukika. Hujumlisha nguzo zote. Hapa jumla ni 1,233,852, sawasawa na idadi ya watahiniwa iliyotangazwa. Jumla isingelingana, ingebidi kuuliza nani ameachwa nje: je, waliojisajili wasifike? Je, ambao matokeo yao yamezuiliwa? Jumla hiyo ndiyo itakayokuwa namba ya chini katika kila akisami tutakayoiandika, na ikikosewa, kila kitu kinachofuata kitakosewa pamoja nayo.

Akisami, kama tulivyofundishwa shuleni, ina namba mbili: ya juu huitwa kiasi na ya chini huitwa asili. Katika histogramu, kiasi ni nguzo moja, au nguzo kadhaa zilizojumlishwa. Asili ni nguzo zote kwa pamoja. Sehemu ya watahiniwa waliopata kati ya 200 na 299 ni 619,593 juu ya 1,233,852.

Akisami ya namna hiyo inatisha, lakini haihitaji kikokotoo ili kuieleza. Nusu ya 1,233,852 ni 616,926. Nguzo yetu imeipita nusu kwa watahiniwa 2,667 tu. Robo ya jumla ni 308,463. Nguzo ya 300 hadi 399 imepungukiwa na watahiniwa 707 ili kuifikia robo hiyo, na ile ya 100 hadi 199 iko chini yake kidogo. Kumbe matokeo ya watoto zaidi ya milioni moja yanaweza kuelezwa kwa maneno matatu ambayo hata mchuuzi wa sukari anayajua: robo, nusu, robo. Nguzo mbili za pembeni ni mchanga uliobaki kwenye kiganja.

Kiswahili kina hazina ya majina ya akisami ambayo tumeacha yafifie: thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Anayejua kwamba humusi ni asilimia 20, thumni asilimia 12.5 na ushuri asilimia 10 ana kipimo cha haraka cha kutambua tarakimu inayotia shaka. Gazeti likiandika kwamba nguzo fulani ni asilimia 35, na macho yako yanaona wazi kwamba haifiki hata humusi ya nguzo zote, kuna aliyekosea, na huenda si wewe.

Asilimia nayo si kitu kipya. Ni akisami iliyolazimishwa kuwa na asili ya 100, ili akisami zenye asili tofauti ziweze kulinganishwa. Kwa kugawa kiasi kwa asili na kuzidisha kwa 100, tunapata kwamba mwaka 2022 waliopata chini ya 100 walikuwa asilimia 0.06, kati ya 100 na 199, asilimia 24.02, kati ya 200 na 299, asilimia 50.22, kati ya 300 na 399, asilimia 24.94, na 400 na zaidi, asilimia 0.77.

Ukizijumlisha asilimia hizo utapata 100.01. Hakuna mtahiniwa aliyehesabiwa mara mbili. Tumeandika desimali mbili pekee, na kila tarakimu ikasogezwa kwa iliyo karibu nayo; nne kati ya tano zilisogezwa juu kiasi cha kuacha mabaki hayo. Jumla ya 99.9 au 100.1 ni ya kawaida. Jumla ya 94 au 108 ndiyo ya kuulizia.

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni ya mwandishi huyu, watoto wengi wameumizwa bila sababu.

Mtoto akileta nyumbani alama 300 kati ya 500, mzazi hugawa na kupata asilimia 60. Hesabu ni sahihi. Kisha hutamka kwamba mwanawe ni wa wastani, tena anayechechemea. Hapo ndipo anapokosea, kwa kuwa ameichukua asilimia ya alama akaisoma kama asilimia ya watu. Histogramu inasema jambo jingine kabisa. Waliopata 300 na zaidi mwaka 2022 ni 307,756 kuongeza 9,443, yaani 317,199, ambao ni asilimia 25.71 ya wote. Mtoto aliyepata 300 aliwapita karibu asilimia 74 ya watahiniwa wa nchi nzima. Yumo katika robo ya juu, au mlangoni pake.

Kadhalika, alama 400 ni asilimia 80 ya alama zote, na mtu huweza kudhani kwamba watoto wengi wenye bidii huifikia. Waliofika hapo ni mmoja katika kila 131.

Vipi kuhusu mtoto wa alama 260? Kwa alama ana asilimia 52, na katika nyumba nyingi hiyo ni siku ya nyuso kununa. Tumtafute katika mchoro. Walio katika nguzo mbili zilizo kushoto, yaani waliopata chini ya 200, ni 297,060. Yeye yumo ndani ya nguzo ya 200 hadi 299, na amepanda alama 60 kati ya 100 za upana wake. Tukichukulia kwamba watahiniwa wametawanyika sawasawa ndani ya nguzo hiyo, chini yake wamo asilimia 60 ya watu 619,593, ambao ni takriban 371,756. Jumla ya waliopitwa ni kama 668,816, nao ni asilimia 54 ya watahiniwa wote. Mtoto anayekaripiwa ameipita nusu ya nchi.

Dhana ya kutawanyika sawasawa ni makadirio, na sharti ikumbukwe hivyo. Histogramu hutuambia ni wangapi wamo ndani ya nguzo, haituambii wamesimama wapi humo ndani. Walakini kwa nguzo ya katikati, ambako watu wamejaa pande zote, makadirio hayo hayapotoshi sana. Yangekuwa ya hatari kwenye nguzo ya mwisho. Ukiligawa kundi la 400 hadi 500 sawasawa, utajikuta umewapa maelfu ya watoto alama 450 na 480, ilhali aliyeongoza nchini mwaka huo alipata 431. Nguzo hiyo ina upana wa alama mia, lakini watu wote wamebanana upande wa kushoto.

Kwa njia iyo hiyo tunaweza kumtafuta mtahiniwa wa katikati kabisa, yule ambaye nusu ya wenzake wako chini yake na nusu juu yake. Mwaka 2022 alikuwa katika alama 252 hivi.

Turudi kwenye ubishi wa mwanzo. Matokeo ya 2021, yaliyotangazwa na marehemu Prof George Magoha, yalihusu watahiniwa 1,214,031. Chini ya 100 walikuwa 1,170. Kati ya 100 na 199 walikuwa 307,532. Kati ya 200 na 299 walikuwa 578,197. Kati ya 300 na 399 walikuwa 315,275. Na 400 na zaidi, 11,857. Kwa kuwa asili mbili hazilingani, si halali kulinganisha nguzo kwa nguzo kabla ya kugeuza kila mojawapo kuwa asilimia ya mwaka wake.

Waliopata 400 na zaidi walikuwa asilimia 0.98 mwaka 2021, wakawa asilimia 0.77 mwaka 2022. Je, wamepungua kwa kiasi gani? Hapa kuna majibu mawili, na mhariri mwenye haraka huchagua linalomfaa. Jibu la kwanza: idadi imepungua kwa watu 2,414, ambao ni asilimia 20 ya wale 11,857. Humusi nzima imetoweka! Jibu la pili: sehemu yao katika watahiniwa wote imeshuka kutoka 0.98 hadi 0.77, tofauti ya 0.21. Hii ya pili haiitwi asilimia 0.21 bali pointi 0.21 za asilimia, kwa kuwa ni tofauti kati ya asilimia mbili, wala si asilimia ya kitu chochote. Katika kila watahiniwa elfu moja, wawili wamehama kutoka kundi la juu.

Majibu yote mawili ni ya kweli. La kwanza hutengeneza kichwa cha habari na la pili halitengenezi.

Sasa tazama mchoro mzima badala ya pembe yake. Nguzo ya 300 hadi 399 ilishuka kutoka asilimia 25.97 hadi 24.94. Ile ya 100 hadi 199 nayo ilishuka, kutoka 25.33 hadi 24.02. Chini ya 100 walipungua kutoka asilimia 0.10 hadi 0.06. Nguzo pekee iliyopanda ni ya katikati, iliyotoka asilimia 47.63 na kufikia 50.22. Watoto walisogea katikati kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana waliovuka 200 waliongezeka kutoka asilimia 74.57 hadi 75.92, huku waliovuka 300 wakipungua kutoka 26.95 hadi 25.71. Anayelia na anayeshangilia wameshika ncha mbili za kamba moja.

Na yule mtahiniwa wa katikati? Ukimkadiria kwa takwimu za 2021 utamkuta katika alama 252 hivi, palepale alipokuwa 2022. Hakuporomoka wala hakustawi. Hilo lisimshangaze mtu, kwani alama za KCPE zilikuwa zikisawazishwa na Baraza la Mitihani kabla ya kutolewa, na alama zilizosawazishwa hupima nafasi ya mtoto kati ya wenzake wa mwaka huo kuliko zinavyopima ikiwa darasa la mwaka huu lina maarifa zaidi kuliko la mwaka jana. Swali la kupanda au kushuka kwa elimu lilikuwa likielekezwa kwa mtihani usioweza kulijibu.

Mchoraji naye anaweza kumpotosha msomaji bila kubadili tarakimu hata moja. Chukua nguzo mbili za kundi la 200 hadi 299, ya 578,197 na ya 619,593, uziweke sambamba. Tofauti yao ni asilimia 7. Lakini mhimili wa wima ukianzia 550,000 badala ya sifuri, nguzo ya kwanza itabaki na urefu wa 28,197 na ya pili 69,593, na jicho litaona kitu kilichokua karibu mara mbili na nusu. Kabla ya kutazama vilele vya nguzo, tazama zinasimama juu ya namba gani.

Hila nyingine ni ya upana. Katika histogramu kinachowakilisha watu ni eneo la nguzo, na urefu wake peke yake hutosha tu iwapo nguzo zote zina upana mmoja. Tuseme mchoraji anaona nguzo ya 400 ni fupi mno kuonekana, akaiunganisha na jirani yake kuwa kundi moja la 300 hadi 500. Upana umekuwa mara mbili. Akiipa urefu wa 317,199, eneo lake litakuwa sawa na la watu zaidi ya 634,000, na kundi hilo litaonekana kubwa kuliko hata lile la katikati. Urefu halali ni nusu yake, takriban 158,600.

Msomaji anaweza kujaribia haya yote katika shule ya kijijini kwake. Tuchukue mfano wa kubuni wa shule yenye watahiniwa 40: wanne walipata kati ya 100 na 199, kumi na wanane kati ya 200 na 299, kumi na sita kati ya 300 na 399, na wawili 400 na zaidi. Wanne kati ya 40 ni ushuri, asilimia 10. Kumi na sita ni humusi mbili, asilimia 40. Wawili ni sehemu moja ya ishirini, asilimia 5, na mwalimu mkuu ana haki ya kutabasamu akikumbuka ile asilimia 0.77 ya taifa.

Lakini iwapo mwaka unaofuata watoto watatu watapata 400, atatangaza kwamba wanafunzi bora wameongezeka kwa asilimia 50, na atakuwa anasema kweli. Ameongezeka mtoto mmoja. Katika shule ya watu 40 kila mtoto ni asilimia mbili na nusu, na homa ya mtoto mmoja asubuhi ya mtihani inaweza kuupindua mchoro mzima. Kwa hivyo ukisikia asilimia, dai pia idadi.

Shule hiyo hiyo yaweza kubadili asili na kuibuka na sifa nyingine. Badala ya wawili kati ya 40, yaweza kusema: kati ya waliovuka 300, tusui walifika 400, yaani wawili kati ya kumi na wanane, asilimia 11. Katika taifa zima, sehemu kama hiyo mwaka 2022 ilikuwa 9,443 kati ya 317,199, karibu asilimia 3. Si kosa kufanya hivyo, mradi maneno "kati ya waliovuka 300" yasidondoke njiani. Mara nyingi hudondoka.

Mtihani wa KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025 chini ya mtaala wa umilisi, hauna jumla ya alama 500. Hutoa viwango vinane katika kila somo. Viwango hivyo vikichorwa kwa nguzo, akisami na asilimia zitahesabiwa kama tulivyoeleza, lakini mchoro wenyewe hautakuwa histogramu, kwa maana kiwango hakina upana wa alama unaoweza kukatwa ili kumkadiria mtoto yuko umbali gani ndani yake. Mzazi atakayetaka kujua mwanawe amewapita wangapi atajumlisha nguzo zilizo chini ya ile ya mwanawe, agawe kwa jumla ya nguzo zote, na aishie hapo. Walio ndani ya nguzo ya mwanawe wote wamesimama sawa naye.